Msesewe, Mnafu na Mkondekonde

Ukiuliza Moshi pombe ya mbege inatengenezwa kwa kitu gani, utajibiwa haraka: ndizi na ulezi. Jibu hilo limeacha kitu kikubwa. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, ambao sisi Wachagga tunauita mso. Lakini humo ndani lazima yaingie maji ya gome la msesewe, lililokaushwa, likapondwa na kuchemshwa. Uchungu wa mbege unatoka hapo. Bibi yangu mzaa mama, aliyepika mbege Marangu tangu ujana wake, alisema bila msesewe unawanywesha watu maji matamu tu, na mkwe akinyweshwa maji matamu atajua hukumtaka.

Msesewe ni mti wa porini unaopenda kukaa karibu na maji. Wazee waliukuta kwenye mabonde ya mito inayoshuka Kilimanjaro, na walipochimba mifongo ya kumwagilia na kufungua vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, waliuacha usimame. Wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra. Ni wa jamii moja na mmea wa India ambao kutoka kwenye mzizi wake, mwaka 1952, wanasayansi walitenga reserpine, iliyokuja kutumika kama dawa ya shinikizo la damu. Bibi hakuwahi kuisikia habari hiyo, ila alijua kwamba gome lina nguvu na halipimwi ovyo. Alibandua upande mmoja wa shina, upande wa pili hakuugusa, na mti ule ukaachwa upone kabla ya kisu kurudi tena.

Mnafu, mboga yetu chungu, haukuhitaji sheria kama hiyo. Huota wenyewe mvua zikinyesha, popote udongo ulipotifuliwa, na nyumbani kwetu ulipikwa na ndizi, ukatiwa maziwa kupunguza uchungu. Mmea wa isale nao ulitoka msituni ukawa mpaka wa kihamba. Aliyemkosea mwenzake alikwenda kwake na jani la isale mkononi, na ilikuwa vigumu sana kwa aliyekosewa kumfukuza.

Kwa hiyo pori na kihamba havikutengana. Waliovitenganisha walikuja baadaye. Wajerumani waliutangaza msitu wa mlima kuwa hifadhi mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakaendelea nao. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa Nusu Maili chini ya mamlaka ya Wachagga wenyewe, ili watu wapate kuni, nguzo na majani ya mifugo bila kuingia ndani zaidi. Naiona hiyo kuwa hatua ya busara, kwa sababu ilikubali kwamba mwanamke wa mlimani ana haja na msitu kila wiki. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikauchukua msitu, na kwa wengi njia ya kuufikia mti wa dawa ikafungwa.

Linaloniuma zaidi ni mkondekonde, ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Maji ya gome lake wazee waliyanywa kwa maumivu ya tumbo na homa. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya matumizi ya gome hilo kwa uvimbe wa tezi dume, na toka hapo viwanda vya Ulaya vikalitaka kwa tani. Kameruni na Madagaska miti mingi ilichunwa ganda kuzunguka shina lote, mingine ikakatwa kabisa. Mti uliochunwa namna hiyo mara nyingi hufa. Mwaka 1995 biashara yake ikaanza kudhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES.

Msesewe haukufikwa na hayo kwa sababu aliyeubandua alikuwa jirani yake, na mwakani angeuhitaji tena kwa harusi ya mwanawe. Mkondekonde ulipoteza jirani. Nawaomba wenzangu wenye vihamba, kuanzia Rombo hadi Machame: pandeni mkondekonde mmoja karibu na masale ya mpakani, na mkija Desemba na watoto kutoka mjini, waonyesheni namna ya kulibandua gome upande mmoja tu.