Sherehe kama Ufafanuzi na kama Furaha: Historia ya Neno Moja Mjini Songea

Katika kata ya Majengo, Manispaa ya Songea, neno sherehe humfikia mkazi kupitia kadi ya mchango au ya mwaliko: harusi, kipaimara, mahafali. Lakini kila mwezi Februari mji huohuo huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji, na hapo neno hilo halikai vizuri mdomoni. Makala hii inachunguza sababu. Hoja yake ni kwamba sherehe ina maana mbili zilizotokana na mzizi mmoja, na kwamba ile iliyofifia ndiyo inayolifaa zaidi tukio la Februari.

Mzizi wenyewe ni wa Kiarabu, sh-r-h, wenye wazo la kufungua au kukunjua. Katika Kiarabu, sharh ni ufafanuzi wa matini, yaani kufungua kilichofumbwa. Inshirah ni furaha, yaani kukunjuka kwa kifua. Kiswahili kina pande zote mbili. Wahariri wa tendi na diwani huita sherehe sehemu inayofafanua maneno magumu ya matini. Msemaji wa kawaida huita sherehe mkusanyiko wa watu wanaokula, kunywa na kucheza. Asiyejua historia ya neno atazihesabu maana hizi kuwa homonimu. Kwa upande wa asili, hata hivyo, tuna polisemi.

Ushahidi wa uhusiano huo ungali hai katika neno mshereheshaji, ambalo wengi hulitamka mshehereshaji kwa kubadilishana nafasi kwa sauti. Mtu huyu huchangamsha ukumbi, lakini pia hueleza: nani anaingia, zawadi inatoka upande gani, kwa nini keki inapelekwa kwa wazazi. Bila maelezo yake wageni wangeona matendo tu bila kujua maana yake. Kazi yake imeunganisha tena kile ambacho matumizi ya kila siku yamekitenganisha.

Sarufi, kwa upande wake, imeelemea furaha. Kitenzi kusherehekea huchukua yambwa inayotaja sababu ya furaha: husherehekewa ushindi, ndoa au kuzaliwa. Kifo hakisherehekewi. Ndiyo maana tukio la msiba wa umma huhitaji kitenzi kingine, kuadhimisha, chenye wazo la kutukuza, au nomino kumbukizi, inayotokana na kukumbuka.

Uzito wa chaguo hilo unaonekana Songea. Vita vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905 vilifika Ungoni mwaka huohuo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 mjini Songea, na wakazikwa katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliuawa siku chache baadaye. Leo mahali hapo pana Makumbusho ya Majimaji. Panapofanyika kumbukizi huwekwa silaha za jadi na mashada ya maua, husomwa historia, na ngoma za Wangoni kama lizombe huchezwa. Mgeni anayesikia ngoma anaweza kudhani amekuta furaha tu. Anayekataa kuiita sherehe anaweza kudhani kwamba ngoma haina nafasi kaburini.

Wote wawili wameshika nusu ya neno. Kwa maana yake ya kitabuni, sherehe huambatana na matini ngumu ili msomaji asiipite bila kuielewa. Kaburi la pamoja ni matini ya namna hiyo, na hotuba, silaha na ngoma ni maelezo yake kwa kizazi ambacho hakikuona vita. Hatupendekezi kumbukizi libadilishwe. Ni neno sahihi na lina heshima. Tunachopendekeza ni kwamba watunga kamusi wasizitenge maana hizi mbili kana kwamba hazijuani. Zikitengwa, mwanafunzi wa Majengo atajifunza kwamba jamii hukusanyika ama kufurahi ama kuelewa, ilhali neno lake mwenyewe linaonyesha kwamba hayo mawili yaliwahi kuwa tendo moja la kufungua.