Mume, Mke na Ofisa wa Viza: Historia ya Dhana Potofu Zilizotenganisha Familia



Ndugu wasomaji, katika familia zetu nyingi yupo kijana aliyeoa au binti aliyeolewa na mtu anayeishi ng'ambo. Nikaha inafungwa, walima unaliwa, dua zinaombwa. Baada ya hapo inaanza safari ya fomu, vyeti, picha na mahojiano. Mara nyingi mtu anayeamua kama mume na mke wataishi pamoja ni ofisa ambaye hajui ndoa yetu inafungwaje, walii ni nani, wala mahari ni kitu gani.

Jambo hili lina historia. Tumechagua ile ya Uingereza, kwa sababu kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri, na kwa sababu watu wa Afrika Mashariki wamo ndani yake.

DHANA YA KWANZA: MWANAMKE HAWEZI KUWA MKUU WA FAMILIA

Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha, kwa siku chache tu, sheria iliyowazuia Wahindi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na pasipoti za Kiingereza kuingia nchi ya pasipoti yao. Badala yake uliwekwa utaratibu wa vocha. Vocha alipewa "mkuu wa familia", na kwa maofisa mkuu wa familia alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa, hata kama yeye ndiye mwenye pasipoti na mumewe hana. Utaratibu huo ulidumu hadi 2002.

Mwaka 1969 ikaongezwa kanuni nyingine. Mwanamume aliyekaa Uingereza aliruhusiwa kumleta mkewe, lakini mwanamke alizuiwa kumleta mumewe ila kwa sababu maalumu. Kanuni hiyo ililegezwa 1974, kisha ikakazwa tena 1980.

Wanawake watatu walikataa kunyamaza. Mmoja, Bibi Nargis Abdulaziz, alizaliwa Malawi. Wa pili, Bibi Arcely Cabales, alitoka Ufilipino. Wa tatu, Bibi Sohair Balkandali, alizaliwa Misri. Wote walikuwa wakiishi Uingereza kihalali, na wote walinyimwa haki ya kukaa na waume zao. Kesi yao ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg. Serikali ilijitetea kwamba inalinda ajira, kwa kuwa mume akija hutafuta kazi na mke hukaa nyumbani. Mahakama ilizitazama hoja hizo na takwimu zake, ikaona hazitoshi. Tarehe 28 Mei 1985 iliamua kwamba wanawake hao wamebaguliwa kwa jinsia yao.

Lakini tazameni kilichofuata. Serikali ilisawazisha kwa kuwabana wote: masharti magumu waliyowekewa waume sasa yakawahusu na wake.

DHANA YA PILI: BIBI HARUSI WA KIASIA LAZIMA AWE BIKIRA

Januari 1979 mwalimu mmoja wa kike, mwenye umri wa miaka 35, aliwasili uwanja wa ndege wa Heathrow kutoka India ili aolewe na mchumba wake. Wakati huo mchumba aliingia kwa urahisi zaidi kuliko mke, ambaye alilazimika kungoja kibali kwao kwa muda mrefu. Ofisa akashuku kwamba mama huyu ameshaolewa. Akapelekwa kwa daktari kupimwa ubikira.

Gazeti la Guardian liliandika habari hiyo Februari 1979 na watu wakapiga kelele, ndipo vipimo hivyo vikapigwa marufuku. Miaka mingi baadaye watafiti walifungua mafaili ya serikali na kukuta kwamba si mwanamke mmoja tu. Angalau 80 walikuwa wamefanyiwa hivyo, wengi wao huko huko Bara Hindi walikoombea kibali. Ofisa alidhani anazijua mila za watu, na kwa kudhani huko akavunja heshima ya mwanamke.

DHANA YA TATU: NDOA ILIYOPANGWA NA WAZAZI SI NDOA

Katika miaka ya 1980 mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake si kuingia Uingereza. Hebu fikirini: mtu anathibitishaje jambo ambalo halimo moyoni mwake? Maofisa waliuliza kwa nini wawili hawa hawakujuana kwanza, na kwa nini wazee ndio waliochumbia. Wengine walisema kwamba kwa mila za Bara Hindi mke ndiye humfuata mume. Kwa hiyo mume anayemfuata mke ana hila. Hivyo mila ya watu wenyewe, tena iliyoeleweka nusu, ikawa ushahidi dhidi yao. Sharti hilo lilifutwa Juni 1997.

Familia za Bangladesh nazo zilipata taabu ya aina yake. Mke na watoto walihojiwa mbalimbali kuhusu nyumba, jamaa na mambo madogo ya kijijini, kisha majibu yakalinganishwa. Yakitofautiana kidogo, waliambiwa si familia moja.

Mwaka 1985 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alitumia kipimo chake kipya cha DNA kuthibitisha kwamba kijana mmoja wa familia ya Ghana, aliyezuiwa kuingia, ni mtoto halisi wa mama yake. Kipimo kilipoanza kutumika kwa wengine, familia nyingi zilizokuwa zimeitwa waongo zilionekana zilisema kweli. Lakini kuna watoto waliokuwa wamekua watu wazima mbali na baba zao, na miaka hiyo hakuna wa kuirudisha.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, ofisa kutojua hakumpi haki ya kuamua atakavyo. Tangu zamani mahakama za Uingereza zimeshika msingi kwamba namna ya kufunga ndoa hupimwa kwa sheria ya nchi ilipofungwa. Mahakama ya Rufaa ya huko iliwahi kutambua ndoa iliyofungwa Argentina kwa uwakilishi, bibi harusi akiwa Uingereza. Kwa hiyo anayeulizwa kwa nini ameozeshwa kwa wakili aeleze sheria ya mahali ilipofungwa nikaha. Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya 1971 na Kenya ina ya 2014, na zote zinaitambua ndoa ya Kiislamu.

Pili, msingi huo hukata pande zote mbili. Aliyefunga nikaha ndani ya Uingereza bila kufuata taratibu za usajili wa huko hana ndoa kisheria. Mahakama ya Rufaa ilieleza hivyo Februari 2020. Wazazi wanaomwozesha binti huko wasiridhike na hotuba na mashahidi peke yake. Cheti ni kinga yake.

Tatu, karatasi hushinda maneno. Waliofaulu walikuwa na vyeti, barua, tarehe na subira. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uangalie muda wa rufaa. Wala usiseme uongo ili kurahisisha mambo, maana uongo wa mmoja huwaharibia mia wanaosema kweli.

Vizuizi havijaisha, vimebadilika sura. Julai 2012 Uingereza iliweka kiwango cha kipato cha paundi 18,600 kwa mwaka kwa anayetaka kumleta mwenzi wake. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Juu ilikubali kuwepo kwa kiwango, lakini ikasema kanuni hazikuzingatia vya kutosha maslahi ya watoto. Aprili 2024 kikapandishwa hadi paundi 29,000. Zamani mtu aliulizwa mila zake, siku hizi anaulizwa na mshahara.

Wanafunzi wetu mnaosoma sheria, someni kesi hizi. Ndugu zenu watawahitaji mbele ya dirisha la ubalozi. Nasi wazazi tuvitunze vyeti vyetu vya ndoa kama tunavyotunza hati za nyumba.

Tunamuomba Allah azikutanishe familia zote zilizotenganishwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.