Homa ya Bonde la Ufa ya ubongo, Bura

Maradhi ya virusi, kimsingi ya mifugo, ambayo kwa wagonjwa wachache, chini ya 1 kwa 100, hushambulia ubongo. Virusi vyake vilitambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931. Bura ya Garissa, kwenye kingo za Tana, imo katika ukanda uliopigwa na mlipuko wa 1997–98, baada ya mvua za El Niño, na ule wa 2006–07.

Mayai ya mbu aina ya Aedes hukaa miaka katika udongo mkavu yakiwa tayari na virusi, kisha mafuriko huyaangua. Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana zizini: mbuzi na kondoo wengi kutupa mimba kwa mpigo.

Mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu au, pengine zaidi, kwa kumshika mnyama mgonjwa. Ubongo huvimba wiki 1 hadi 4 baada ya homa kuanza: maumivu makali ya kichwa, kuweweseka, degedege. Malaria huja na dalili hizohizo, hivyo damu hupimwa kwanza. Dawa mahususi hakuna. Chanjo iliyopo ni ya mifugo.