Njia ya Chumvi na Mpaka wa Mpondwe

Safari ya biashara ya siku moja au mbili katika nchi ya pili si jambo geni kwa watu wa Kasenyi, Katwe na Bwera. Kabla viza haijajulikana, chumvi ya Ziwa Katwe na ya Bunyampaka, kule Kasenyi, ilichukuliwa vichwani na kwa mitumbwi hadi nchi ambayo leo ni Kongo. Utajiri wa chumvi hiyo ndio uliomfanya Lugard ajenge ngome Katwe mwaka 1891.

Mpaka ulikuja baadaye. Mwaka 1910 Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zilikutana Brussels zikagawana ardhi pasipo kuwauliza wenyeji. Wakonzo wakawa Uganda. Wanande, ndugu zao wa lugha moja, wakawa Kongo. Tangu hapo mwenye kuvuka mto Lubiliha kwenda sokoni Kasindi akahesabiwa kuwa msafiri wa nchi za nje.

Sheria nazo zimebadilika. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia katika nchi mwenzake bila viza, mradi ana hati halali. Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya Julai 2022. Hata hivyo, kutia saini ni jambo moja, na utekelezaji mpakani ni jambo jingine.

Wala haifai kusahau kwamba adui naye amepita huko. Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe wakitokea Zaire ya wakati huo. Juni 2023 waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari iliyo karibu na mpaka. Kwa hiyo ukaguzi ni ngao ya mwananchi.

Lakini ngao hiyo isigeuzwe mtego. Mama mwenye kapu la samaki, akidaiwa rushwa darajani, hataacha kwenda sokoni. Atafuata njia ya panya, pasipo daftari wala askari. Huko ndiko adui anakotaka watu wazoee kupita, maana penye nyayo nyingi zake hazitambulikani.

Askari anayeijua sheria, akakagua hati kwa makini na kuirudisha bila kudai kitu, ameulinda mpaka. Njia ya chumvi ni ya kale kuliko mpaka, na haitafungika. Wajibu uliopo ni kuona kwamba inapita mbele ya macho ya askari, si nyuma ya mgongo wake.