Betri na Muziki wa Kubeba katika Bonde la Ufa la Kati

Muziki wa kubeba katika Bonde la Ufa la kati una historia inayofuata nguvu iliyouendesha. Kila chombo kilichopendwa kati ya Naivasha, Nakuru na Kericho kilipendwa kwa sababu kiliweza kuimba mahali ambapo stima haijafika. Kwanza kulikuwa na springi ya gramafoni, ikafuata betri kavu ya redio na kaseti, na sasa kuna betri ya lithiamu ndani ya simu na hedifoni. Nakuru ina nafasi ya pekee katika historia hiyo, kwa kuwa betri kavu za Kenya zilitengenezwa mjini humo kwa karibu nusu karne.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma yake wakaja walowezi, wamisionari na wafanyabiashara. Mizigo yao ilikuwa na gramafoni za sanduku, ambazo mtu aliweza kuzifunga na kuzishika mkononi kama mkoba. Gramafoni ya aina hiyo haikutumia umeme wala amplifaya. Springi iliyokazwa kwa mkono ilizungusha santuri mara 78 kwa dakika, sindano ikatetemesha kiwambo chembamba, na mtetemo huo ukakuzwa na umbo la bomba lililofichwa ndani ya sanduku. Upande mmoja wa santuri ulichukua muda wa dakika tatu hivi, kisha ilibidi kuigeuza na kuikaza springi upya.

Athari ya chombo hicho ilionekana wazi mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet, eneo la Kericho, kurekodi nyimbo za Wakipsigis. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kulikuwa na tatu zinazomtaja Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika eneo hilo kupitia gramafoni za Waingereza. Katika wimbo unaojulikana zaidi, ulioimbwa na wasichana wakisindikizwa na chepkong, kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis, mgeni huyo amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Sauti isiyo na mwili, iliyotoka ndani ya sanduku, ilikuwa imepewa mwili na kuingizwa katika ngoma za vijana. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954. Zaidi ya miongo sita baada ya kurekodiwa, maktaba hiyo na mradi wa Singing Wells vilizirudisha kwa jamii ya Wakipsigis.

Redio za kwanza hazikubebeka kwa urahisi. Valvu zake zilikuwa na nyuzi zilizopaswa kupata joto kabla ya kufanya kazi, na joto hilo lilimaliza betri kubwa na za gharama. Mwaka 1949, kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitengeneza kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini redio ya bei ya pauni tano, iliyofungwa ndani ya umbo la sufuria. Betri yake ilidumu kwa saa 300 hivi. Redio hiyo ilithibitisha kwamba Mwafrika wa kawaida angenunua redio kama angeweza kumudu betri zake. Transista ndiyo iliyoondoa kikwazo kilichobaki. Redio ya kwanza ya transista iliuzwa Marekani mwaka 1954, na kwa kuwa transista haihitaji kupashwa moto, mawe machache, yaani betri kavu za ukubwa wa kawaida, yalitosha kuendesha redio kwa wiki kadhaa. Shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya lilipoundwa mwaka 1964, redio ya transista ilikuwa tayari inamfuata mchungaji malishoni na mfanyakazi kwenye laini za mashamba.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyoleta kiwanda Nakuru. Mwaka 1967 iliandikishwa kampuni ya Union Carbide Kenya, tawi la kampuni ya Marekani iliyomiliki jina la Eveready, na baadaye ikaitwa Eveready East Africa. Betri zake nyekundu zenye picha ya paka zilifika katika kila duka la kijijini, zikipangwa rafuni pamoja na sukari, chumvi, kiberiti na mafuta ya taa.

Betri ya aina hiyo ina muundo rahisi. Kikopo cha zinki ni ncha hasi, na kijiti cha kaboni kilichosimama katikati hupokea umeme wa ncha chanya. Nafasi iliyo kati yao hujazwa unga mweusi wa manganisi dayoksaidi na kaboni, uliolowekwa kwa chumvi. Jiwe moja hutoa volti 1.5. Linapotumika zinki huliwa polepole, na ndiyo sababu betri iliyosahauliwa ndani ya redio hutoboka na kuvuja, ikaharibu springi za redio. Familia nyingi zilijifunza kuirefushia maisha. Betri zilizochoka zilianikwa juani juu ya bati, kwa kuwa joto huharakisha mmenyuko wa kemikali na kurudisha nguvu kidogo, ya kutosha kusikiliza taarifa ya habari ya jioni. Jiwe moja jipya liliwekwa pamoja na matatu ya zamani. Yalipokufa kabisa yalipasuliwa, na katika shule nyingi za mashambani unga wake mweusi ulitumiwa kupaka upya ubao wa darasa.

Santuri hazikutoweka mara moja. Mjini Kericho, familia ya Chandarana iliendesha duka na studio iliyorekodi wanamuziki wa Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya na kutoa nyimbo zao kwenye santuri ndogo. Hata hivyo kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ilikuwa na faida mbili ambazo santuri haikuwa nazo: haikuruka sindano ndani ya matatu, na mtu yeyote aliweza kurekodi juu yake. Hasara yake ilikuwa njaa ya betri. Betri za redio pekee hulisha saketi na spika tu, bali za redio kaseti hulisha pia mota inayovuta utepe. Kurudisha utepe nyuma ndiko kulikomaliza mawe haraka zaidi, kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Kalamu ya Bic, yenye pembe sita, hukaa sawasawa kati ya meno ya tundu la kaseti. Msikilizaji aliichomeka, akaizungusha kaseti hewani hadi utepe ukarudi mwanzo, na betri zikabaki kwa ajili ya wimbo.

Sony ilipotoa Walkman, kicheza kaseti cha kubeba, tarehe 1 Julai 1979, usikilizaji ulibadilika kwa namna nyingine. Chombo hicho hakikuwa na spika, ila hedifoni nyepesi. Kutetemesha kiwambo kidogo kilichogusa sikio kulihitaji sehemu ndogo sana ya nguvu inayohitajiwa na spika, na mawe mawili madogo yalitosha kwa saa kadhaa. Muziki uliokuwa wa boma zima au wa abiria wote ukawa wa mtu mmoja.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoeneza usikilizaji huo kwa wengi. Sony hiyohiyo ilikuwa ya kwanza kuuza betri ya lithiamu ioni, mwaka 1991, na teknolojia hiyo ikawezesha simu kuimba siku nzima na kuchajiwa usiku. Katika miaka ya 2000 simu za bei nafuu zilikuja na redio ya FM, na waya wa iyafoni ukawa ndio antena; bila kuuchomeka, redio haikushika. Nyimbo zilinunuliwa dukani, zikanakiliwa kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye memori kadi. Penye stima, kinyozi aliongeza kazi ya kuchaji simu za majirani kwa shilingi chache. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya sola kwa malipo ya kila siku, na baadhi ya mitambo hiyo ilikuwa na redio inayochajiwa. Betri nyekundu ikapoteza kazi yake kuu, huku betri za bei ya chini kutoka nje zikijaa sokoni. Mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kilifungwa, na kampuni ikabaki kuuza betri zilizotengenezwa kwingineko.

Amplifaya ya hedifoni ni tawi la historia hiyohiyo. Kila chombo chenye tundu la hedifoni kina amplifaya ndogo ndani yake, inayotosha kwa iyafoni zenye ukinzani wa omu 16 au 32. Hedifoni za studio zenye omu 300, kama Sennheiser HD 600, huhitaji volti nyingi zaidi, na zikichomekwa kwenye simu hutoa sauti hafifu. Kwa ajili yake wapenzi wa muziki walitengeneza amplifaya za mfukoni. Moja iliyopata umaarufu ni ile iliyobuniwa na Chu Moy katika miaka ya 1990, inayotosha ndani ya kibati cha peremende na kuendeshwa na betri ya volti 9.

Tangu mwaka 2016, iPhone ilipoondolewa tundu la hedifoni na simu nyingine nyingi zikafuata, amplifaya imehamia nje ya simu. Huwa ndani ya waya mfupi wa USB, au ndani ya kila kidude cha Bluetooth kinachovaliwa sikioni, pamoja na betri yake ya lithiamu. Betri hiyo hudhoofika baada ya miaka michache na mara nyingi haibadilishiki, tofauti na mawe ya redio yaliyotolewa na kuwekwa mapya kwa sekunde chache. Chombo hutupwa kizima kwa sababu ya betri moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu udhibiti endelevu wa taka imempa mzalishaji na mwagizaji wajibu wa kushughulikia bidhaa zake zikishakufa. Wajibu huo sasa unahusu maelfu ya betri ndogo kuliko zote zilizowahi kubeba muziki katika Bonde la Ufa.