Tajiri Asiyekuwa na Mfalme: Kivoi Mwendwa na Tatizo la Riwaya ya Kihistoria

Riwaya ya kihistoria inayomhusu mfanyabiashara, kama ilivyozoeleka Ulaya, huhitaji jumba la mfalme. Katika Le Grand Cœur (2012), Jean-Christophe Rufin alimchukua Jacques Cœur, mwana wa muuza ngozi za manyoya wa Bourges, aliyetajirika kwa biashara ya Mashariki, akawa mtunza hazina wa Mfalme Charles VII na kumkopesha fedha za vita, kisha akakamatwa mwaka 1451 kwa amri ya mfalme yule yule. Alitoroka kifungoni mwaka 1454 na kufariki mwaka 1456 katika kisiwa cha Chios. Rufin anampa mhusika huyu kalamu ajisimulie mwenyewe. Msuko mzima umeegemea mhimili mmoja: mali hutafuta kibali cha enzi, na enzi humla aliyeilisha.

Makala haya yanadai kwamba mhimili huo hauwezi kuhamishiwa Ukambani, ijapokuwa Ukambani kuna mhusika anayeushawishi mno uhamisho wa namna hiyo. Miaka 400 baada ya kukamatwa kwa Cœur, yaani Agosti 1851, Kivoi Mwendwa wa Kitui aliuawa njiani karibu na Mto Tana. Alikuwa tajiri wa pembe za ndovu, mwenye wake, watumwa na wafuasi wengi, na sifa zake zilikuwa zimefika Mombasa kabla yake. Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, anamwita mkuu wa watu wake. Hapa ndipo mtego ulipo. Wakamba wa karne ya 19 hawakuwa na mfalme. Mashauri yalikatwa na wazee katika nzama, na ukubwa wa mtu kama Kivoi ulitokana na safari, ukarimu na hofu, si kiti cha kurithi. Wala lugha ya Kiswahili haihitaji kumvika taji: neno tajiri, katika asili yake ya Kiarabu, ni mfanyabiashara tu, na katika misafara ya bara liliendelea kumtaja mwenye mali na wapagazi wake.

Biashara hiyo ilikuwa na mizizi katika njaa. Kikamba kina neno kuthuua, kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu na jirani. Kutokana na mwendo huo mdogo ilikua, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya mamia ya watu iliyoshusha pembe hadi pwani kabla ya Waarabu na Waswahili kuishika njia wenyewe. Krapf aliifuata njia hiyo mwaka 1849 akipitia Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, na Yatta, hata akafika kwa Kivoi. Mwenyeji wake alimweleza habari za mlima mweupe, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona mwenyewe. Jina aliloliandika, Kegnia, ni la Kikamba. Nchi nzima imelirithi kutoka kinywani mwa wafanyabiashara hawa.

Safari ya pili ndiyo inayomvutia zaidi mtunzi. Mwaka 1851 Kivoi aliandamana na mgeni wake kuelekea Tana. Wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akafa, Krapf akakimbia. Alipita nyikani peke yake akibeba maji katika mitutu ya bunduki yake. Jamaa za marehemu hawakumpokea kama manusura bali kama mdaiwa: kwa nini alikuwa hai ilhali mwenyeji wake amekufa? Krapf anaona katika swali hilo tishio kwa maisha yake, naye alitoroka usiku. Yumkini aliona sawa. Hata hivyo, mhakiki hana budi kulisoma pia kama swali la sheria ya safari, ambapo mgeni mwenye bunduki si mzigo bali ni sehemu ya ulinzi. Kitabu cha Krapf hakiwezi kulijibu, kwa kuwa mwandishi ndiye mshtakiwa.

Hivyo basi, tofauti na Cœur wa Rufin, Kivoi anatujia kwa ushahidi wa mtu aliyekuwa na deni kwake. Tippu Tip aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili chake. Kivoi hakuacha hata barua. Kumpa nafsi ya kwanza ni kumpa sauti ya kuazima, na sauti iliyo karibu zaidi kuazimwa ni ya Krapf. Lukács aliwasifu watunzi wa mkondo wa Walter Scott kwa kuwaweka wakubwa wa historia pembeni na kumfuata mtu wa kati. Gurnah amefanya karibu hayo katika Paradise (1994): tajiri Aziz tunamwona kwa macho ya Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la babake, na ukimya wa Aziz unatisha kuliko hotuba yoyote. Kwa Kitui, mtu huyo wa kati angeweza kuwa mpagazi wa Kikumbulyu aliyeusikia mlima ukitajwa bila kustaajabu, au mtumwa wa boma la Kivoi, ambaye kifo cha bwana wake kilimaanisha jambo ambalo si Krapf wala jamaa za marehemu walikuwa na sababu ya kuliuliza.