Ufundishaji wa lugha kwa hadithi

Ufundishaji wa lugha kwa hadithi ni njia ya kufundisha lugha ya kigeni kwa masimulizi, nyimbo na vitabu ambavyo mwanafunzi anaweza kuvielewa, badala ya kuanza na kanuni za sarufi.

Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba mtu hujipatia lugha anapoelewa ujumbe unaozidi kidogo tu kiwango chake. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko California, alibuni njia ya kusimulia kisa kifupi na kuuliza maswali mengi, akirudia maneno yaleyale mpaka yazoeleke.

Nchini Tanzania suala hili linahusu hasa Kiingereza, lugha ya kufundishia katika sekondari, ilhali shule nyingi za msingi hutumia Kiswahili. Katika kata kama Iyula, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, wanakoishi Wanyiha, Kiingereza huweza kuwa lugha ya tatu ya mtoto. Mwaka 1984 ripoti ya Clive Criper na William Dodd ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukimudu kiasi cha kujifunzia masomo mengine. Baadaye mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kuanzia vile vyepesi.